Kuiandaa CZ 550 ya kiwandani kwa pori la nyati: kazi za fundi na mpangilio wake

CZ 550 Safari Magnum ya .375 H&H imekaa mikononi mwa wawindaji bingwa wengi wa Tanzania kwa sababu zinazoeleweka. Chuma chake ni kizito, bolti yake ni ya mtindo wa Mauser yenye kucha ndefu inayoikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini, na magazini yenyewe inabeba risasi 5. Bei yake ilikuwa ya kufikika kuliko bunduki za Uingereza za kazi hiyohiyo. Kiwanda cha Uherský Brod huko Cheki hakiitengenezi tena, lakini zilizopo ni nyingi na zitatumika miaka mingi ijayo. Nyuma yake kuna dada yake mkubwa, Brno ZKK 602, na karibu yote yaliyoandikwa hapa yanaihusu pia.

Kasoro yake inajulikana: inatoka kiwandani ikiwa haijamaliziwa. Chuma ni kizuri, lakini reli za magazini zina makwaruzo, mti (ile mbao inayoshika chuma na kukaa begani) umechongwa kwa haraka, triga ina mchezo usiofaa, na saiti, yaani vilengeo vya chuma juu ya mtutu, hazijaoanishwa na risasi unayobeba. Ni bunduki ya kununua na kuipeleka kwa fundi kabla ya kuipeleka porini.

Watu wengi hukosea mpangilio. Hela ya kwanza huishia kwenye darubini na rangi mpya, ilhali bunduki bado inagoma kusukuma risasi ya tatu. Kwa mnyama anayeweza kukurudia, kazi ya kwanza ni risasi kuingia na ganda kutoka, kila mara. Ya pili ni mti usipasuke. Ya tatu ni triga na sefti, yaani kufuli la usalama. Ulengaji unafuata, na sura ya bunduki ndiyo ya mwisho.

Kabla ya kugusa skrubu

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bunduki yako imesajiliwa kwa namba na kipenyo chake, na kazi ya ufundi wa silaha ni ya mwenye leseni. Kusafisha, kukaza skrubu na kufunga darubini unaweza kufanya mwenyewe. Kazi inayogusa mtutu, chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu), triga au bolti ni ya fundi aliyesajiliwa. Ukitaka kubadili kipenyo, kwa mfano kutoka .375 kwenda .416 Rigby, au kubadili mtutu mzima, ulizia kwanza polisi wanakosajili silaha, maana kumbukumbu zitabadilika. Namba ya bunduki isiguswe hata kidogo. Tutalirudia hili tukifika kwenye rangi, kwa sababu hapo ndipo namba nyingi huharibiwa bila mtu kukusudia.

Hakikisha bunduki haina risasi: fungua bolti, angalia chemba kwa macho, kisha iguse kwa kidole. Risasi halisi zisiwe kwenye chumba cha kazi. Majaribio yote ya kulisha hufanywa kwa risasi za bandia, yaani ganda na kichwa bila baruti wala kiwashi, na tundu la kiwashi liachwe wazi ili yeyote aone kwa jicho kwamba haiwezi kulipuka. Tengeneza angalau 6, zenye kichwa kilekile utakachobeba. Hilo lina uzito wake: risasi ngumu yenye pua bapa hupita tofauti kabisa na yenye pua ya mviringo, na bunduki inayomeza moja kwa ulaini inaweza kuikwamisha nyingine. Urefu wa risasi nzima ya .375 H&H usizidi mm 91.4.

Piga picha kila kitu kabla ya kufungua. Skrubu za CZ 550 Safari zinazoshika mti ni tatu: mbili za risiva, yaani mwili wa chuma ambamo bolti hutembea, na moja mbele inayoingia kwenye kibonge kilicho chini ya mtutu. Hazilingani urefu. Ukizibadilisha nafasi, ndefu inaweza kufika juu na kugusa bolti, nawe ukadhani bolti ndiyo mbovu.

Kazi ya kwanza: risasi iingie, ganda litoke

Anza kwa kupima. Jaza magazini risasi 5 za bandia na uvute bolti kwa nguvu na haraka hadi ziishe. Rudia taratibu, kwa mwendo wa mtu mwenye wasiwasi anayeogopa kupiga kelele, kwani bunduki nyingi hukwama kwa mwendo huo wa polepole. Kisha ilaze ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na mwisho igeuze juu chini. Andika kila panapokwama: risasi ya ngapi, ya upande gani wa magazini, na ncha iligonga wapi. Bila maandishi hayo fundi atakuwa anapapasa gizani.

Kuna jaribio moja linaloonyesha kama kucha inafanya kazi yake. Sukuma bolti hadi risasi itoke nusu kwenye magazini, kisha ivute nyuma bila kuifunga. Risasi irudi na bolti ikiwa imeshikwa na kucha. Ikibaki imelala kwenye chemba, ukingo wa ganda haukuingia chini ya kucha mapema, na katika hali hiyo unaweza kulisha risasi mbili kwa wakati mmoja. Bunduki iliyojifunga mbele ya nyati ni hatari kuliko kutokuwa na bunduki.

Matatizo ya kawaida na tiba zake ni haya.

Ncha inagonga chini ya mdomo wa chemba. Mara nyingi mteremko unaoelekea kwenye chemba una alama za mashine zinazokata mwendo wa risasi. Fundi huusugua kwa jiwe laini, kisha msasa namba 400, 600 na 800 uliozungushiwa kijiti cha mbao, akifuata upande risasi inakopita. Lengo ni kuondoa makwaruzo bila kubadili umbo. Anayetumia mashine ya kusaga ya mkononi hapa anachezea hatari, kwa sababu mteremko ukishuka sana sehemu ya nyuma ya ganda inabaki bila kushikiliwa na chuma. Hilo halitengenezeki.

Risasi inaruka nje ya magazini mapema au inachelewa kuachiwa. Hizo ni reli, yaani midomo ya chuma iliyochongwa ndani ya risiva. Zing'arishwe tu. Kuzipanua ni kazi ya fundi mzoefu wa Mauser anayepima kila baada ya misuguano michache, kwa sababu chuma kilichoondoka hapo hakirudishwi.

Kucha haipandi juu ya ganda lililotupwa moja kwa moja kwenye chemba. Porini utahitaji siku moja kutumbukiza risasi moja na kufunga bolti bila kupitia magazini. CZ nyingi hukataa, au hukubali kwa nguvu nyingi mno. Fundi huinamisha ukingo wa mbele wa kucha ili uweze kupanda juu ya ukingo wa ganda, na hukagua kama risiva ina nafasi ya kucha kutanuka. Akizidisha, kucha inabaki na mshiko mwembamba. Pima hivi: weka ganda tupu chini ya kucha, shika bolti kwa mlalo na uitikise polepole. Ganda likianguka, kucha imeliwa sana.

Mlango wa magazini unafunguka wakati wa teke, yaani bunduki inaporudi nyuma ikifyatuliwa. Kidude cha kuufungulia kiko karibu na kinga ya triga, na spring yake ikiwa dhaifu, teke linaweza kukifungua na risasi zote zikamwagika miguuni. Weka spring ngumu zaidi, na kidude kikiwa kimechomoza sana kikatwe kidogo ili kidole au tawi lisikiguse. Hii ni kazi ya nusu siku, nayo imewahi kuokoa watu.

Kuhusu kusugua meno ya bolti, yale yanayoifunga kwenye risiva, ili yaguse sawasawa: paka wino wa kalamu nyuma ya meno yote mawili, funga na ufungue bolti mara kadhaa. Ikiwa wino umefutika pande zote mbili kwa zaidi ya nusu, acha kama yalivyo. Kila unaposugua, bolti inarudi nyuma kidogo na nafasi ya chemba inaongezeka. Fundi asiye na geji za chemba yako asiguse hapo kabisa.

Baada ya marekebisho hayo, vuta bolti kwa risasi za bandia mara 200 kabla ya kuendelea. Ikikwama hata mara moja, hesabu inaanza upya.

Kazi ya pili: mti

Risasi ya .375 H&H yenye kichwa cha greni 300 (gramu 19.4) hutoka kwa karibu mita 770 kwa sekunde, na bunduki ya kilo 4.3 hurudi nyuma kwa nguvu ya takriban jouli 50. Kwa .458 Lott nguvu hiyo inakaribia mara mbili. Nguvu yote hupokelewa na mti kupitia lagi, kile kibonge cha chuma chini ya risiva, na katika CZ 550 Safari husaidiwa na kibonge cha pili chini ya mtutu. Kiwandani, mara nyingi ni kimoja tu kati ya hivyo viwili kinachogusa mti ipasavyo. Nguvu inayobaki huugonga mti kupitia mkia wa risiva, yaani ncha yake ya nyuma, na hapo ndipo ufa huanzia: mstari mwembamba nyuma ya mkia, mahali kidole gumba kinapokaa, au kwenye ukuta mwembamba kati ya lagi na magazini.

Dawa yake ni kuulaza mwili wa chuma kwenye gundi ya epoxi iliyochanganywa na unga wa chuma, pamoja na vyuma vya kukatiza mti. Marine-Tex, Acraglas au Devcon zinafaa zote. Gundi za dakika tano za dukani hazifai, hulainika kwa joto na hupasuka kwa mapigo.

Hatua zake:

1. Ondoa mbao nyuma ya lagi kwa kina cha mm 2 hadi 3, na sehemu nyingine ambapo risiva inakaa kwa mm 1.5 hivi. Acha vipande vidogo visivyoguswa ili chuma kisizame chini kuliko zamani. Nyuma ya mkia acha uwazi wa mm 0.5 hadi 0.8 usioguswa na gundi milele. Jicho litauona kama kosa la uchongaji, ila ndio unaookoa mti.

2. Toboa mti kwa upana sehemu mbili, nyuma ya lagi na nyuma ya tundu la magazini, na upitishe fimbo ya chuma yenye nati ya mm 6 hadi 8, ikizungukwa na epoxi. Vichwa vyake vinaweza kufunikwa na mbao au kuachwa vionekane. Kwa .416 na .458 hatuoni sababu ya kuiacha kazi hii. Kwa .375 yenye mbao nzuri inaweza kusubiri, japo hatuishauri.

3. Panua matundu ya skrubu mbili za risiva na uweke mirija ya alumini au chuma ya kipenyo cha mm 10 hadi 14. Tundu la ndani liwe pana kuliko skrubu kwa nusu milimita, ili skrubu isiguse ukuta. Mirija hiyo inazuia mbao kubonyea kila unapokaza.

4. Bandika tepu ya karatasi, tabaka moja au mbili, mbele, pembeni na chini ya lagi. Nyuma usibandike. Hivyo lagi itagusa nyuma tu, na bunduki itaweza kutoka kwenye mti siku nyingine.

5. Ziba kila tundu, kila mfuo na kila kona inayojipinda kwa udongo wa kuchezea watoto. Epoxi ikiingia nyuma ya kona, mti na chuma vinafungana, na kuvitenganisha ni kuvunja kimojawapo. Kosa hili limegharimu miti mingi mizuri.

6. Paka chuma nta. Dawa ya viatu ya nta ya kopo inatosha: tabaka tatu, kila moja ikauke na kung'arishwa. Paka na skrubu zenyewe. Kama hujui umepaka wapi, paka tena.

7. Changanya gramu 50 hadi 60 za epoxi kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, ukipima kwa mizani wala si kwa jicho. Kwa joto la Dar es Salaam au Morogoro mchana, gundi huanza kuganda mapema kuliko maelezo ya kopo, ambayo kwa kawaida yameandikwa kwa chumba chenye nyuzi 20. Fanya kazi asubuhi na mapema, na kila kitu kiwe mezani tayari.

8. Weka gundi zaidi nyuma ya lagi na uteremshe chuma polepole. Shikilia kwa skrubu bila kukaza, zikaze kwa vidole tu. Ukikaza kwa nguvu, risiva inapinda kidogo na gundi inaganda katika ule mpindo. Futa iliyomwagika kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

9. Subiri saa 24 kamili. Toa skrubu, gonga mtutu taratibu kwa nyundo ya mpira na uinue moja kwa moja juu.

Kibonge cha pili chini ya mtutu kifanyiwe siku nyingine, baada ya risiva kutulia. Ukivifanya vyote kwa pamoja ni vigumu kujua kipi kinabeba.

Magazini ibaki na mchezo wa nusu milimita hadi milimita moja kwenda juu na chini. Ikibanwa kati ya risiva na mlango wake, kukaza skrubu kunapindisha chuma hata kama gundi imekaa vizuri namna gani. Wengi hulaumu gundi, kumbe ni magazini.

Kwenye kukaza, skrubu ya mbele ya risiva huanza, kisha ya nyuma, zote kwa nyutoni-mita 5 hadi 6 zikiwa na mirija. Ile ya chini ya mtutu ni ya mwisho na isizidi nyutoni-mita 2. Kujua kama kazi imefanikiwa, funga dial geji, yaani kipimo cha sindano kinachosoma mwendo mdogo sana, kwenye mtutu na ncha yake iguse mti. Legeza skrubu ya mbele. Sindano isisogee zaidi ya mm 0.05. Ikiruka, kuna mahali chuma kinasukumwa.

Malizia kwa kupaka ndani ya mti epoxi nyembamba au vanishi ya polyurethane: mfereji wa mtutu, ndani ya tundu la magazini, na chini ya mpira wa kitako. Mafuta mazuri ya nje hayazuii unyevu kuingilia ndani. Bunduki inayotoka kwenye unyevu wa pwani na kwenda pori la Rungwa, bara, wakati wa ukavu wa Septemba inacheza kwa namna unayoweza kuiona kwenye shabaha.

Mpira wa kitako wa milimita 25, kama Pachmayr Decelerator, utapunguza ukali wa teke begani. Kabla ya kuuweka, pima urefu kutoka triga hadi mwisho wa kitako ukiwa umevaa nguo za porini, kwa sababu kitako kirefu hunasa kwenye kwapa ukiinua bunduki kwa haraka. Kwa watu wa kimo cha wastani, mm 340 hadi 355 kunatosha.

Kazi ya tatu: triga na sefti

Triga ya kiwandani ya CZ 550 ina kipengele cha kusukuma mbele ili ifyatuke kwa mguso mwepesi. Kwa swala kwenye ulengaji wa kutulia inapendeza. Kwa nyati haina nafasi. Kidole chenye hofu kikiisukuma mbele kwa bahati mbaya, mguso mdogo tu unaifyatua bunduki kabla hujawa tayari. Fundi anaweza kukizima kipengele hicho, au kuiondoa triga yote na kuweka nyingine kama ya Timney iliyotengenezwa kwa CZ 550. Chagua uzito wa kilo 1.3 hadi 1.6. Chini ya hapo kwa bunduki ya wanyama hatari ni kujitafutia matatizo.

Sefti ina jambo ambalo kila mwenye ZKK 602 ya zamani lazima alijue. Nyingi ya hizo sefti yake iko kinyume: mbele ni salama, nyuma ni kufyatua. CZ 550 iko kama bunduki nyingine, mbele ni kufyatua. Mtu mwenye bunduki zote mbili kambini yuko hatarini siku atakapochukua moja gizani. Fundi hodari anaweza kuweka sefti ya nafasi tatu kwenye kifuniko cha bolti, inayofunga sindano yenyewe, ile inayogonga kiwashi, badala ya triga tu. Nafasi ya kati inaruhusu kutoa risasi huku sindano imefungwa. Ni kazi ya gharama, na kati ya zote ndiyo ambayo mtu hatajuta.

Baada ya kazi yoyote ya triga, fanya majaribio haya bila risasi. Funga bolti kwa nguvu mara 20. Sindano isishuke hata mara moja. Weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, ondoa sefti, isishuke. Bila sefti, gonga kitako kwa nyundo ya mpira mara 10; isishuke. Ikishuka mara moja kati ya zote, bunduki inarudi mezani leo hiihii.

Saiti na darubini

CZ 550 Safari inakuja na saiti ya nyuma yenye jani moja lililosimama na mengine ya kukunjwa. Jani moja linatosha. Mengine yashikizwe yasijiinue kwenye vichaka.

Oanisha saiti za chuma kwa mita 50, kwa risasi utakayobeba, ukiwa umesimama au umeegemea fimbo za kulengea, maana ukiwa umekaa kwenye meza bunduki inaruka tofauti. Ukokotoaji ni rahisi: zidisha kosa la shabaha kwa umbali kati ya saiti mbili, gawa kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita. Mfano, saiti zimeachana mm 480, risasi zinagonga mm 100 chini kwa mita 50: 100 × 480 ÷ 50,000 = mm 0.96. Saiti ya mbele ishushwe kiasi hicho, na risasi zitapanda. Kumbuka mwelekeo huo: kupunguza saiti ya mbele hupandisha risasi. Piga tupa mm 0.5 kwanza, fyatua risasi tatu, kisha endelea. Zikigonga juu, hakuna cha kupiga tupa, nunua saiti ya mbele iliyo ndefu zaidi.

Darubini iwe ya ukuzaji mdogo, 1-4 au 1.5-6, na jicho likae angalau mm 90 nyuma ya kioo. Chini ya hapo teke litaipasua nyusi. Risiva ya CZ ina reli zake zenyewe za kushikia pete, na pete nzuri ina kijino kinachozuia isiteleze mbele wakati wa teke. Hakikisha kijino kimeingia kwenye nafasi yake kwenye daraja la risiva kabla ya kukaza. Pete zilizobanwa kwa msuguano peke yake hutembea baada ya risasi kadhaa. Skrubu za kofia ya pete zikazwe kwa nyutoni-mita 1.7 hadi 2. Tumia gundi ya skrubu ya bluu ukitaka, ila isiwe nyekundu.

Pete za kufungua kwa mkono, kama za Warne, zinafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu darubini ikipata ukungu unaiondoa na kutumia saiti za chuma. Zijaribu kabla ya msimu: fyatua risasi tatu, ondoa darubini na uirudishe, fyatua tatu nyingine, mara tano. Kundi likihama ndani ya mm 25 kwa mita 100 ni sawa. Kwa nyati, kundi la risasi tatu ndani ya mm 50 kwa umbali huo linatosha kabisa, na anayeendelea kutumia fedha kulipunguza anafuata jambo jingine.

Mtutu

Mtutu wa kiwandani ni mm 635. Wengi huukata hadi mm 560 au 600 ili bunduki igeuke haraka kwenye vichaka. Kila mm 25 unazokata hupunguza karibu mita 6 hadi 8 kwa sekunde, kwa hiyo ukifika 560 umepoteza kama mita 20 kati ya 770. Nyati hataona tofauti. Gharama iko kwenye saiti ya mbele inayotakiwa kusogezwa, na kwenye mdomo wa mtutu ambao lazima ukatwe kwa mashine ya kukereza, mraba na katikati ya tundu. Mdomo uliokatwa kwa msumeno na kupigwa tupa hutawanya risasi hata kama mtutu ni mpya.

Kuhusu kifaa cha kupunguza teke mdomoni, hatukipendekezi. Mlipuko wake unarudi pembeni, kwenye masikio ya mfuata nyayo aliyesimama mita mbili kutoka kwako, naye hana kinga.

Kutu

Mvuke wa pwani na jasho la mikono vitashinda rangi ya bluu ya kiwandani ndani ya msimu mmoja usipokuwa mwangalifu. Cerakote, rangi ya kauri ya kupaka chuma, inadumu zaidi. Unene wake ni karibu mm 0.025, kwa hiyo isipakwe ndani ya chemba, kwenye meno ya bolti wala kwenye njia ya kucha. Kabla ya kupakwa chuma hupigwa mchanga, na mchanga hula namba ya bunduki usipozuiwa. Funika namba kwa tepu nene, na ukague mwenyewe kabla hujalipa.

Kabla ya msimu kufunguliwa Julai

Fyatua risasi 40 halisi, zote za aina utakayobeba, nusu kwa saiti za chuma, kwa siku mbili au tatu ili bega lisikudanganye. Baada ya risasi 20, kagua mti kwa taa na kioo cha kukuzia nyuma ya mkia na mbele ya magazini. Fungua skrubu zote tatu na uzipime tena. Zikishatulia, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye kila kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma cha jirani yake, ili asubuhi kambini, kabla ya kupanda gari, macho yaone mara moja kama kuna iliyosogea.